Subira na Shubiri

Mtoto aliyekuwa mgumu kuacha ziwa, wanawake wa pwani walimtafutia shubiri. Utomvu wake ukipakwa kwenye chuchu, mtoto hunyonya mara moja, akakunja uso, akalia, na baada ya siku mbili tatu akauzoea uji. Ndiyo shubiri hiyohiyo tunayoitaja tukitaka kusema kitu ni kichungu kupita kiasi. Wachache wanaoitaja hukumbuka kwamba jina la mmea huo na neno subira ni ndugu, yote mawili yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu. Ibn al-Qayyim al-Jawziyya, mwanachuoni wa Damascus aliyefariki mwaka 1350, aliutaja undugu huo alipokuwa akichambua neno hili katika kitabu chake Uddat al-Sabirin, lakini alianza na maana iliyo ya ndani zaidi: kuzuia, kufunga, kushika kitu kisiponyoke. Waarabu wa kale walisema mtu ameuawa "kwa subira" pale alipofungwa kwanza kisha akauawa, na Mtume Muhammad (s.a.w.) alikataza mnyama kufungwa namna hiyo ili alengwe mishale. Ukilifuata neno hadi kwao, unakutana na kamba.

Kwetu sisi kamba hiyo imelegea. Konda anatuambia tusubiri gari lijae. Karani anatuambia tusubiri mtandao urudi. Mchumba anaandika kwenye simu kwamba bado anasubiri jibu. Hata Waarabu wenyewe wakiwa mitaani humwambia mtu asubiri wakiwa na maana ya ngoja kidogo, kwa hiyo si Waswahili peke yetu tuliolilegeza. Lakini katika Kiarabu cha vitabu kungoja kuna neno lake, na mwenye subira si lazima awe anangoja chochote. Hapa ndipo ninapoona chanzo cha makosa mengi ya mawaidha yetu. Neno limetujia na kamba mkononi, sisi tumelipokea kama benchi la kukalia.

Aliyesoma Kiarabu kidogo atalitambua tatizo kwa kutazama vihusishi tu. Lugha hiyo inasema kusubiri "juu ya" jambo, yaani kulibeba bila kulitupa. Na inasema kusubiri "kutokana na" jambo, yaani kujizuia nalo. Ndipo wanazuoni walipoigawa subira mafungu matatu yanayorudiwa katika kila darasa la msikitini: subira juu ya ibada, mtu aisimamie hata inapomchosha, subira ya kujizuia na maasi, na subira juu ya misiba. Sasa jaribu kuyasema hayo kwa Kiswahili cha stendi. Mtu anaweza kungoja msiba upite, lakini hawezi kungoja riba kwa maana ya kuiacha. Matokeo yake fungu la pili limepotea masikioni mwetu, la kwanza limebaki nusu, na la tatu limegeuka kuwa ndiyo subira yote.

Ajabu ni kwamba Kiswahili kina neno linaloibeba ile maana ya kale bila kumwaga hata tone, na hatufikirii kulitumia hapo. Tunafunga mzigo, tunafunga ng'ombe, tunafunga Ramadhani. Anayefunga yuko peke yake jikoni saa nane mchana, maji ya mtungi ni baridi, hakuna jicho la mtu, na mkono hauendi. Hadithi zimeuita mwezi huo mwezi wa subira, na kwa lugha yetu jina hilo halihitaji tafsiri ndefu.

Quran inalitaja neno hili kwa sura zake mbalimbali zaidi ya mara 100, na ukiyapitia mahali hapo huoni watu waliokaa kitako. Unaona watu walio safarini, vitani, gerezani, kwenye mabishano na wafalme. Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mjini Tus mwaka 1111, aliipa subira pamoja na shukrani kitabu kizima, cha 32 kati ya vitabu 40 vinavyounda Ihya Ulum al-Din, na anaanza kwa kuuliza ni nani hasa anayeweza kusubiri. Mnyama hawezi, kwa sababu hana ndani yake kitu kinachopingana na tamaa yake. Malaika hahitaji, kwa sababu hana tamaa ya kupingana nayo. Amebaki binadamu, ambaye ndani yake mna msukumo wa dini na msukumo wa matamanio, na subira ni ule wa kwanza kusimama imara mbele ya wa pili. Kwa hiyo mahali pasipo na mvutano hapana subira, pana uzito wa mwili tu.

Kutoka hapo Ghazali anafanya jambo ninalolipenda sana: anaonyesha kwamba fadhila nyingi tunazozipa majina tofauti ni subira iliyobadilisha nguo. Ikizuia tumbo na tupu huitwa kujihifadhi. Ikimshika mtu mbele ya adui asikimbie huitwa ushujaa. Ikizuia hasira ni upole, ikizuia ulimi usitoe siri ni uaminifu wa siri. Kwa hesabu hiyo shujaa wa vitani ni mtu wa subira kuliko wengi tunaowasifu kwa subira. Masikio yetu yanapata tabu kulimeza hilo, maana subira tumekwisha kuigawia wanyonge: wajane, wagonjwa, wapangaji, wake wenza.

Anaongeza kwamba subira wakati wa neema ni ngumu kuliko ya wakati wa shida. Sahaba Abd al-Rahman bin Awf, aliyehamia Madina bila kitu akawa tajiri mkubwa wa biashara, amepokewa akikiri kwamba walipojaribiwa kwa dhiki walisubiri, na walipojaribiwa kwa raha hawakuweza. Aliyewahi kumtazama mstaafu akikimaliza kiinua mgongo chake kwa miezi sita hahitaji sherehe ya kauli hiyo.

Mfano mzuri kuliko yote katika fungu lililopotea ni Nabii Yusufu. Ibn Taymiyya, kama mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim alivyomnukuu, alisema kwamba subira ya Yusufu mbele ya mke wa Al-Aziz, bwana wake wa Misri, ilikuwa kubwa kuliko subira yake ndani ya kisima. Kisimani hakuwa na la kufanya. Ndugu zake walikwisha kumtupa, asubiri asisubiri maji ni yaleyale. Ndani ya nyumba ile alikuwa na la kufanya. Alikuwa kijana, hana mke, mgeni katika mji ambao hakuna anayemjua baba yake, mtumwa wa mwanamke anayemtaka, na milango imefungwa. Yote yalimvuta upande mmoja, naye akajifunga upande wa pili, akijua kuna gereza. Subira ya kwanza ni ya dharura, ya pili ni ya khiari. Tofauti hiyo nitairudia, kwa sababu mambo mengi yanasimama juu yake.

Sasa twende kwenye msiba, ambako mazungumzo yetu yote hupenda kuishia. Nimeketi katika matanga mengi na nimesikia mama aliyezika mtoto akiambiwa asilie, asubiri, kana kwamba machozi yanafuta thawabu. Wanaosema hivyo huwa na nia njema, na wengi huwa wanaume waliochoka na kilio. Lakini mafundisho yenyewe ni mapana kuliko hayo. Ibrahimu, mtoto wa mwisho wa Mtume, alifariki hajatimiza miaka miwili, akiwa analelewa nyumbani kwa mhunzi ambaye mkewe ndiye aliyemnyonyesha. Mtume alimpakata mtoto akiwa anakata roho, na macho yake yakatiririka. Ni yule yule Abd al-Rahman bin Awf aliyeshangaa kumwona naye analia, akajibiwa kwamba hiyo ni huruma. Kilichokatazwa ni kujipiga mashavu, kurarua nguo, na maneno ya kumlaumu Mola. Jicho na moyo vimeachiwa haki yao.

Nabii Yakubu ni ushahidi mzito zaidi. Katika Sura Yusuf yeye ndiye anayetamka mara mbili kwamba atashika subira iliyo njema, na katika sura hiyohiyo macho yake yanakuwa meupe kwa huzuni. Wanawe wanamwambia atajimaliza kwa kumkumbuka Yusufu. Anawajibu kwamba masikitiko yake anampelekea Mwenyezi Mungu peke yake. Wafasiri wamechota kutoka hapo kanuni ambayo ningependa ibandikwe kwenye kila nyumba ya msiba: kumlalamikia Mungu hakuvunji subira, kinachoivunja ni kumshtaki Mungu kwa watu. Ayubu naye, ambaye washairi wa pwani walimtungia utenzi, alimwomba Mola wake amwondolee madhara, na bado Quran ikamshuhudia kuwa mwenye subira. Tena dawa yake haikushuka akiwa amelala; aliambiwa apige mguu wake chini, ndipo maji yakatoka.

Kuna kisa cha mwanamke wa kaburini ambacho hutajwa kwa mstari wake wa mwisho tu. Anas bin Malik anasimulia kwamba Mtume alipita karibu na mwanamke anayelia kaburini, akamwambia amche Mungu na asubiri. Mwanamke yule hakumjua aliyesema naye, akamfukuza: amwondokee, yeye hajafikwa na msiba kama wake. Mtume akaenda zake. Hakumjibu, hakumwambia yeye ni nani, wala hakumkumbusha kwamba amezika watoto wake mwenyewe. Baadaye mwanamke aliambiwa kuwa yule ni Mtume, akakimbilia kwake, akafika mlangoni na kukuta hapana bawabu. Akaomba radhi, akaelezwa kwamba subira ni ile ya pigo la kwanza. Mawaidha mengi hushika neno hilo la mwisho. Mimi hushika lile la katikati, la mtu mkubwa aliyefukuzwa na mfiwa akaondoka kimya. Subira ya wakati ule ilikuwa kwake.

Tofauti ya Ibn Taymiyya, ya dharura na khiari, inatufikisha kwenye sehemu ambayo mimbari zetu huipita mbio. Wanazuoni wakubwa hawakuiona subira kuwa njema daima. Ibn al-Qayyim aliipimia hukumu zote tano za sharia, kama linavyopimwa jambo jingine lolote: kuna subira ya wajibu, ya sunna, inayoruhusiwa, ya makuruhu, na kuna subira ya haramu. Mwenye njaa ya kufa aliye na mzoga mbele yake, akasubiri asile mpaka akafa, amefanya haramu. Anayefuatwa na mnyama mkali, moto au maji naye anaweza kujiokoa akakaa, vilevile. Ghazali anakwenda mbali zaidi. Mtu ambaye mkono wake unakatwa, au wa mwanawe, naye amenyamaza. Au anayeona mkewe anaendewa kwa ubaya akaizuia ghera yake na kukaa kimya: subira hiyo, anasema Ghazali, ni haramu.

Kauli hiyo ina zaidi ya miaka 900. Ipime na kauli anayopewa binti anayerudi kwao na jicho lililovimba, kwamba avumilie, ndoa ndivyo zilivyo, mbona mama yake alivumilia. Anayemshauri hivyo kwa jina la dini inampasa aeleze kwa nini Quran ina sura nzima iliyopewa jina la mwanamke mlalamikaji. Khawla bint Tha'laba alitamkiwa na mumewe, Aws bin Samit, maneno ya kijahilia ya kumfananisha na mgongo wa mama yake, yaliyomwacha si mke na si mtalaka. Alimwendea Mtume, akajadiliana naye, akarudia, hakuridhika na jibu la kwanza. Aisha, aliyekuwa pembeni ya chumba kilekile, alisema kuna maneno mengine yake hakuyasikia, na Mwenyezi Mungu aliyasikia. Aya za mwanzo za Sura Al-Mujadila zikashuka kumjibu, na mume ndiye aliyebebeshwa kafara: kuacha huru mtumwa, asipoweza afunge miezi miwili mfululizo, asipoweza alishe maskini 60. Mwanamke mwingine, mke wa Thabit bin Qays, alikuja kusema hana neno na dini ya mumewe wala tabia yake, ila hawezi kuishi naye. Hakuhubiriwa subira. Aliulizwa kama atarudisha bustani aliyopewa mahari, akakubali, ndoa ikavunjwa, na huo ndio msingi wa khului inayoamuliwa hadi leo katika mahakama za kadhi kutoka Mombasa hadi Unguja. Mtafiti Susan Hirsch, aliyekaa katika mahakama hizo za pwani ya Kenya na kuchapisha kitabu chake mwaka 1998, alianza na picha tunayoijua sote, ya mume anayetamka talaka na mke anayevumilia kimya. Alikuta wanaofungua kesi wengi wao ni wanawake, na wanasema.

Sidai kwamba kuvumilia kasoro za mwenza hakuna thamani. Bila hilo hakuna nyumba ingedumu mwaka. Nasema kwamba uvumilivu huo una mipaka iliyoandikwa vitabuni, na anayeificha mipaka anapotoa nasaha amefundisha nusu.

Kwenye siasa mambo ni magumu zaidi, na hapa wasomaji wengine hawatakubaliana nami. Hasan al-Basri, aliyefariki mwaka 728, hakuwa mwoga wala kipenzi cha watawala, lakini Ibn al-Ash'ath alipoinua upanga dhidi ya gavana Al-Hajjaj, Hasan aliwaonya watu wasiingie: Al-Hajjaj ni adhabu, na adhabu hukabiliwa kwa toba na dua. Miongo miwili kabla ya uasi huo, mwaka 680, Husayn bin Ali alikataa kumpa khalifa Yazid kiapo cha utii, akauawa Karbala pamoja na jamaa zake, na dada yake Zaynab akapelekwa mateka hadi Damascus, ambako alisimama mbele ya Yazid na kumsema. Waislamu wanamhesabu Hasan kuwa mtu wa subira, na wanamhesabu Zaynab kuwa mtu wa subira. Wote wawili wanastahili, na bado hawakufanya jambo moja.

Anayenisaidia kulielewa hilo ni Ahmad bin Hanbal. Makhalifa wa Bani Abbas walipowalazimisha wanazuoni kukiri kwamba Quran imeumbwa, kuanzia mwaka 833, wengi walitamka walichotakiwa. Ahmad alifungwa, akapigwa mijeledi mbele ya Al-Mu'tasim, hakutamka. Miaka ikapita, akaja khalifa mwingine, na mafakihi wa Baghdad wakamwendea kumwomba ruhusa ya kuasi. Aliwakatalia, akawaambia wasubiri, akitaja damu itakayomwagika. Ni mtu mmoja na subira moja. Katika tukio la kwanza aliuzuia ulimi wake usiseme uongo, katika la pili aliuzuia mkono usichomoe upanga. Hakuna mahali alipouzuia moyo wake usijue kwamba dhuluma ni dhuluma. Anayemtumia Ahmad kuwanyamazisha watu inambidi ayabebe matukio yote mawili.

Quran yenyewe haimruhusu mnyonge ajifiche nyuma ya unyonge wake. Sura An-Nisaa, Aya ya 97, inawataja watu watakaojitetea siku ya kufa kwamba walikuwa wamedhoofishwa katika nchi, na malaika watawauliza kama ardhi ya Mungu haikuwa na wasaa wa kuhamia. Sura Ash-Shura inawasifu wanaojitetea wanapodhulumiwa, kisha mistari michache mbele inamsifu anayesubiri na kusamehe. Mpangilio huo una maana yake. Msamaha unatajwa baada ya haki ya kujitetea kuthibitishwa, maana asiye na uwezo wa kudai hajasamehe kitu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, aliwaandikia Waislamu wa pwani waliokuwa wakiachwa nyuma kielimu chini ya Waingereza, na hakuwapoza kwa kuwaambia wangoje. Aliwalaumu kwa uzembe wao, akawataka wasome.

Masufi waliifanya subira kuwa kituo kimojawapo katika safari ya mja, wakagombana kama iko chini ya kuridhika au pamoja nayo. Ugomvi huo una raha yake kwa wenye nafasi. Kisa kimoja tu nitakichukua kwao. Al-Qushayri anasimulia kwamba mtu alimwendea Shibli wa Baghdad kumwuliza ni subira gani iliyo ngumu kuliko zote. Shibli akataja subira katika Mungu, akataja kwa ajili ya Mungu, akataja pamoja na Mungu, na kila mara mtu yule akakataa. Mwishowe akamwambia mwenyewe: subira ya kuwa mbali na Mungu. Shibli akapiga ukelele, watu wakadhani roho imemtoka. Kisa chote kimesimama juu ya kihusishi. Kukifasiri kwa neno la benchi haiwezekani.

Nirudi kwenye khiari. Sahaba Ibn Abbas alimwambia mwanafunzi wake Ata bin Abi Rabah kwamba atamwonyesha mwanamke wa peponi, akamnyooshea kidole mwanamke mweusi. Huyo, alisema, alimwendea Mtume kwa sababu ya kifafa. Humwangusha na nguo humfunuka. Alimwomba amwombee. Mtume alimpa mambo mawili achague: akitaka asubiri, malipo yake ni pepo; akitaka, atamwombea apone. Hakuna aliyemchagulia. Mwanamke akachukua subira. Kisha, akiwa amekwisha kuichukua, akasema bado kuna lile la kufunukwa, aombewe angalau hilo lisitokee. Mtume akamwombea.